Vicheko vya Mgonjwa: Siku za Kitandani Buguruni

Mtu anayeugulia nyumbani ni yule ambaye amekwishapimwa, amepewa dozi yake, na daktari ameona hana sababu ya kulazwa wodini. Kwa mkazi wa Buguruni, jijini Dar es Salaam, mara nyingi huyo ni mgonjwa wa malaria, wa homa ya matumbo, wa mafua makali, au wa homa ya dengi ile iliyolisumbua jiji mwaka 2014 na tena 2019. Wakati mwingine ni fundi aliyeteleza kwenye ngazi akafungwa mguu plasta. Dawa ya ugonjwa wake ipo mezani. Kisicho na dawa ni saa. Kati ya vidonge vya asubuhi na vya jioni pana nusu siku nzima, na mtu aliyezoea kuamka alfajiri kuwahi gari huiona nusu siku hiyo ndefu kuliko wiki ya kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwenye karatasi ya daktari, ile ambayo watu wa Dar es Salaam huiita ED, hulala akijua mwisho wa mwezi hautamtupa. Lakini Buguruni imejaa wachuuzi wa sokoni, mama lishe, mafundi gereji, madereva wa bodaboda na makondakta, na hao hakuna wa kuwaandikia ED. Wao hulala na homa mwilini na hesabu ya mtaji kichwani. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kuchekeshwa kuliko mwingine yeyote, maana akiachwa na mawazo yake peke yake, kesho yake utamkuta juani anapanga nyanya huku anatetemeka.

Eneo lenyewe lipo upande wa Ilala, pale Barabara ya Mandela inapokutana na Barabara ya Uhuru. Makondakta hulitaja kwa vituo vyake: Sheli, Rozana, Malapa, Chama, kwa Mnyamani. Nyumba nyingi za ndani ya mitaa ni zile zinazoitwa za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Kila chumba kina mpangaji wake. Ndani ya nyumba kama hiyo hakuna anayeugua peke yake. Akikohoa wa chumba cha mbele, wa chumba cha uani humjibu "pole" bila kuinua kichwa kwenye sufuria. Ukaribu huo una kero zake siku ambazo mtu ni mzima, ila siku za kuugua ndio unaoleta karibu kila kitu kinachoelezwa hapa.

Siku ya kwanza haina kicheko, na haipaswi kulazimishwa. Homa ikiwa juu, kichwa kinagonga, macho hayataki mwanga, na hata harufu ya kitunguu kinachokaangwa uani inakera. Anayeuguza hufunga pazia, huweka maji karibu, huhakikisha vidonge vimemezwa kwa wakati, kisha huwatuma watoto wakacheze nyumba ya tatu. Dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika rasmi nchini mwaka 2006, hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa hiyo kazi kubwa ya siku hiyo ni kumbembeleza mtu ameze japo vijiko vichache. Mzaha unaokubalika ni ule anaouanzisha mgonjwa mwenyewe.

Homa ikishuka kidogo, cha kwanza kuchangamka huwa ni kumbukumbu. Wazee hukumbuka enzi za klorokwini, dawa iliyotumika nchini kwa miaka mingi hadi ilipoondolewa kwenye matibabu ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Klorokwini iliponya wengi, ila iliwasha mwili isivyo kawaida: muwasho wa viganja, nyayo na mgongo pale mkono usipofika. Kila familia ina simulizi yake. Yupo mjomba aliyejisugua kwenye mwimo wa mlango hadi rangi ikabanduka, yupo shangazi aliyelala na gunzi la muhindi chini ya mto, yupo mtoto aliyelipwa peremende kwa kazi ya kumkuna baba usiku kucha. Mgonjwa wa leo akisikiliza visa hivyo huku anameza mseto, uchungu wa kidonge hupungua makali. Mwarobaini nao una nafasi yake hapo. Mti huo umepata jina kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini, na sura ya mtu aliyekunywa kikombe cha majani yake huwachekesha waliomzunguka kabla hajakimaliza.

Kisha huja saa za kulala chali. Watu wa mjini huziita saa za kuhesabu kenchi, kwa sababu chumba kisicho na dari kinampa mgonjwa mbao za paa za kutazama, na akishazihesabu mara nne hana kingine. Hapo ndipo mjusi kafiri anapogeuka rafiki. Kila chumba cha Buguruni kina mijusi wawili watatu wanaoishi karibu na taa, na jioni inapoingia hutoka kuwinda nondo na mbu. Mgonjwa mwenye subira huwapa majina, mara nyingi ya wachezaji wa mpira, mmoja wa Simba na mmoja wa Yanga, kisha humwita anayemuuguza washindane kubashiri nani atanasa wa kwanza. Mchezo huo haugharimu kitu, hauhitaji kuinuka, na unaweza kuchukua saa nzima, kwani mjusi hakimbilii windo. Hutulia tuli hadi wote wawili waliopo kitandani waanze kunong'ona kama watangazaji wa mpira dakika ya tisini. Nondo akiruka akaenda zake, kelele ya masikitiko husikika hadi ukumbini.

Anayeweza kukaa akaegemea mto huhamia kwenye kutumia masikio. Mtaa wa Uswahilini unajieleza kwa sauti tangu asubuhi. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake. Muuza mchicha hupita akivuta irabu ya mwisho hadi kona ya pili. Baiskeli ya aiskrimu hupiga wimbo uleule. Kijana wa vyuma chakavu hupita na kipaza sauti, na nyuma yake hufuata sauti iliyorekodiwa ya muuza dawa ya panya, mende na kunguni, inayorudia tangazo lake bila kuchoka na bila kupumua. Mchezo unaopendwa ni kubashiri nani atapita baada ya nani, na aliyekosea anaosha vikombe. Mgonjwa akikosea, deni lake huandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, alilipe akipona. Baada ya siku tatu huwa anadaiwa vikombe vingi kuliko vilivyomo nyumbani. Kwa walio jirani na reli kuna pia treni za kuhesabu. Reli ya kati inapita Buguruni, na tangu Oktoba 2012 kulikuwa na treni ya abiria wa mjini kutoka Stesheni kwenda Ubungo, ambayo wananchi waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule wakaiita treni ya Mwakyembe.

Dirisha la uani lina sinema yake, na mwigizaji mkuu ni kunguru. Ndege huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake ni India. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji, akavuka bahari na kuitwaa Dar es Salaam yote. Ana akili nyingi na hana haya. Huiba sabuni pembeni ya beseni, huondoka na kipande cha samaki mbele ya macho ya mwenye samaki, na akiona mtoto ana andazi humfuata kwa kuruka ruka kama anayemdai. Mgonjwa aliyewekwa kwenye mkeka kivulini huweza kupewa kazi rasmi ya ulinzi wa sabuni. Kazi hiyo ni ya kweli, ina faida kwa nyumba, na inampa aliyelala hadhi mbele ya watoto, maana yeye ndiye atakayesimulia jioni jinsi alivyoshindwa.

Mafua yanastahili aya yake, kwa kuwa ndiyo maradhi pekee yanayoleta kichekesho ndani ya mdomo wa mgonjwa. Herufi *m* na *n* hutamkwa kwa kupitisha pumzi puani. Pua ikiziba, *m* hugeuka *b*, na *n* hugeuka *d*. Matokeo yake katika Kiswahili ni makubwa: mtoto anayemwita "mama" hutoa "baba", na mama yake humjibu kwamba baba amekwenda kazini. "Nina njaa" huwa "dida djaa". Watoto wakishagundua siri hii hawamwachi mgonjwa apumzike. Humwomba aseme "mnanasi", "ndimu" na "mama mnene ananunua nyama", na wao wenyewe hubana pua kwa vidole ili wajibu kwa lugha hiyohiyo. Wakubwa huongeza vitanza ndimi, kama kile cha wale wa Liwale wanaokula wali wa liwali, ambacho hata mwenye pua nzima humtoa jasho. Zoezi hili lina mwisho wake. Kicheko kikigeuka kikohozi, mgonjwa apewe chai ya tangawizi aachwe alale.

Kufikia siku ya pili au ya tatu wageni huanza kuingia, na hapa jambo hubadilika sura, kwa sababu pwani na bara ya Tanzania zina utaratibu wa zamani wa nani anaruhusiwa kumtania nani. Utani si mzaha wa kila mtu kwa kila mtu. Ni uhusiano unaotambuliwa kati ya kabila na kabila, kati ya babu na wajukuu, na kati ya shemeji na shemeji, ambao unampa mtani haki ya kusema maneno ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi, na unamnyima aliyetaniwa haki ya kukasirika. Wageni walioishi nchini waliustaajabia. R. E. Moreau, ambaye umaarufu wake hasa ulikuwa katika elimu ya ndege, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1941. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliongoza ukusanyaji mkubwa wa habari za utani wa makabila mbalimbali. Wachaga wana watani wao Wapare. Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam, hutaniana na Wanyamwezi na Wasukuma, utani ambao wazee huuhusisha na enzi za misafara iliyotoka bara kuja pwani.

Mtani akifika kumjulia hali mgonjwa, hodi yake hujulikana. Watu wengine husema "pole, unaendeleaje?" na kujibiwa "afadhali kidogo". Mtani huingia akitazama huku na huku, huuliza redio imerithiwa na nani, hupima viatu vya mgonjwa mguuni mwake, kisha hutangaza kwamba vinambana hivyo mgonjwa bora apone tu. Humshutumu kuwa anadeka, kwamba homa yenyewe imekuja baada ya kusikia nyumba ya jirani kuna supu ya kuku. Mgonjwa naye, hata kama sauti imekauka, ana wajibu wa kujibu. Jibu hilo ni kipimo ambacho nyumba nzima inakisubiri. Aliyeshindwa kumjibu mtani wake bado yu mgonjwa. Akijibu kwa neno kali, mwenye nyumba huanza kuuliza kama aongeze kipimo cha mchele kwa chakula cha usiku.

Bibi na mjukuu wana utani wao, mpole zaidi. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na akimkuta kalala humlalamikia kwamba ameolewa na mume asiyeleta hata kibaba cha unga. Babu naye humwambia mjukuu wa kike kwamba mchumba gani huyu analala hadi saa nne. Watoto wenye homa, wanaoogopa sindano na dawa za maji, hutulia upesi kwa maneno ya namna hii, kwa kuwa wameyasikia tangu wakiwa wachanga na wanajua namna ya kuyajibu. Mkwe, kwa upande mwingine, hataniwi. Mama mkwe akija kumtazama mgonjwa, shuka hunyooshwa, redio hupunguzwa sauti, na kila mtu hukaa kwa adabu hadi atakapoaga.

Upo pia utani mpya kidogo kuliko huo, wa Simba na Yanga, na Buguruni hauna nyumba usiyoifikia. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na magazeti huziita timu hizi watani wa jadi kwa haki kabisa, kwani mashabiki wake hufuata kanuni zilezile za utani: husemana vibaya na kuzikana vizuri. Mgonjwa wa Simba akitembelewa na jirani wa Yanga ataulizwa kama homa yake ilimwanza tarehe 5 Novemba 2023, siku Yanga iliposhinda mabao 5 kwa 1. Naye atamjibu kwamba yeye ana homa ya wiki hii tu, wakati wenzake bado wanauguza ile ya tarehe 6 Mei 2012, Simba iliposhinda 5 kwa 0. Tarehe hizi watu wanazijua kuliko za kliniki zao.

Magharibi ikiingia, hasa umeme unapokatika, watoto hujaa chumbani kwa vitendawili. Kanuni ni za zamani: mmoja husema "Kitendawili!", wengine hujibu "Tega!", na wakishindwa hutakiwa kutoa mji. Mtegaji hupokea mji aliopewa, husimulia alivyokwenda huko na alichokula, kisha ndipo anafumbua. Kwa mtu asiyeweza kutoka kitandani, hii ni safari ya bure. Akipewa Tanga atakwenda Tanga. Akipewa Bukoba atapita Ziwa Victoria kwa meli na kula senene. Mgonjwa mwerevu hukataa miji midogo na kudai apewe Mwanza au Mombasa, na watoto hujadiliana kwa sauti kama mji huo si mkubwa mno kwa kitendawili chepesi. Vile vya kale, kama nyumba isiyo na mlango ambayo ni yai, na mtu anayekwenda nawe na kurudi nawe ambaye ni kivuli, huisha mapema. Baada ya hapo watu hutunga vyao kutokana na vilivyomo chumbani. "Wako wanne, wamevaa njano, huingia mlango mmoja asubuhi na jioni na hawatoki" ni dozi ya mseto. Sufuria ya uji ikionekana, mmoja wa wakubwa hukumbuka kisa cha Abunuwasi, aliyeazima sufuria kwa jirani akairudisha pamoja na ndogo akisema imezaa, na jirani akafurahi. Alipoiazima tena hakuirudisha, akasema imekufa. Jirani aliyeamini sufuria inazaa hakuwa na njia ya kukana kwamba inakufa. Kisa hiki kinafaa wagonjwa kwa sababu ni kifupi na hakihitaji kukumbuka majina.

Karata huja mgonjwa akishaweza kukaa kwa nusu saa, na ni mchezo unaobeba historia ndefu kuliko wachezaji wengi wanavyodhani. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, na waliondolewa moja kwa moja Mombasa mwaka 1729. Ngome yao ipo hadi leo, ila alama iliyoingia nyumba nyingi zaidi ni ya karata. Neno *karata* lenyewe ni lao, na majina ya aina zake nne ni yao pia: kopa, uru, pao na shupaza. *Kopa* ilikuwa *copas*, vikombe. *Uru* ni *ouros*, dhahabu. *Pao* ni *paus*, marungu. Na *shupaza* ni *espadas*, panga. *Seti*, karata ya saba, ni *sete*, saba ya Kireno. Wajukuu wakielezwa kwamba wakimkaripia babu "weka shupaza!" wanamwambia aweke panga chini, mchezo hupata uhai mpya. Katika mchezo wa wahedi wa sitini jina lenyewe linataja hesabu ya ushindi, moja na sitini, na mgonjwa anayeweza kujumlisha hadi hapo bila kukosea kichwa chake kimeanza kupona. Desturi njema ya mchezo wa wagonjwa ni kwamba aliyelala anaruhusiwa kuchungulia mara moja kwa kila raundi. Hakuna anayesema wazi. Karata tu hushikwa chini kidogo kuliko kawaida.

Anayekaa zaidi ya wiki, kama mwenye mguu wa plasta, huhamishiwa barazani kwenye drafti ya vizibo vya soda au kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na linahitaji utulivu ambao mwenye homa hana lakini mwenye mfupa uliovunjika anao tele. Watazamaji wa bao hawajui kukaa kimya. Kila mmoja ni fundi hadi aketi kucheza, na mabishano yao humfanya mgonjwa asahau kuwashwa ndani ya plasta.

Vichekesho vya kusikiliza na kutazama vimewalea wagonjwa wa Tanzania kwa vizazi kadhaa. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na ilikuwa pia na kipindi cha salamu kwa wagonjwa, Ugua Pole. Wapenzi wa katuni walimfuata Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la *Uhuru*, kisha jarida la *Sani*, ambalo jina lake linaunganisha Saidi na Nico, waanzilishi wake. Enzi za kanda za video zilimleta Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa namna iliyomfanya mtazamaji wa kibanda umiza ampende msimulizi kuliko mwigizaji. Juu ya wote anasimama Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 baada ya kuugua. Filamu zake zinafaa kitanda cha mgonjwa kwa sababu zinaweza kukatwa popote. Mtu akisinzia katikati ataamka na kucheka tena bila kuuliza kilichopita. Leo nyingi zipo kwenye simu, pamoja na vichekesho vifupi vinavyosambazwa kwa WhatsApp. Simu ina udhaifu mmoja. Hutazamwa na mtu mmoja akiwa amegeukia ukutani, na mwanga wake humnyima usingizi.

Udhaifu huo una uzito, kwa sababu kicheko cha pamoja hufanya kazi tofauti na cha peke yake. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliocheka kwa sauti walipotazama vichekesho walistahimili maumivu zaidi kuliko waliotazama vipindi visivyochekesha, na walieleza sababu kuwa ni endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu, ambazo hutolewa na kazi ya misuli wakati wa kucheka. Waliona pia kwamba mtu hucheka zaidi akiwa na wenzake. Kabla yao Norman Cousins, mhariri wa jarida la Marekani *Saturday Review*, aliugua vibaya mwaka 1964, akajitibu pamoja na mambo mengine kwa filamu za kuchekesha, na akaandika baadaye kwamba dakika kumi za kicheko cha kweli zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Kisa chake ni cha mtu mmoja na hakithibitishi kuwa kicheko huponya. Kinachoeleweka kwa uhakika zaidi ni kwamba kicheko hupunguza ukali wa maumivu na kulegeza mwili. Malaria hakiui.

Tanzania ina ushahidi wake kwamba kucheka na kufurahi ni vitu viwili. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, huko Kagera ya leo, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali hiyo ikawaenea wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi, na kijijini Nshamba watu 217 wakapatwa. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichapisha uchunguzi wao mwaka 1963 bila kukuta kijidudu wala sumu, na wataalamu wa baadaye wanaliona tukio lile kama mlipuko wa hofu na shinikizo la mawazo. Wale wasichana walicheka na kulia kwa zamu, na hawakuwa na furaha. Anayemuuguza mtu anapaswa kuijua tofauti hiyo. Mgonjwa anayecheka ili wageni waondoke wakiwa wameridhika amechoka, na anahitaji mlango ufungwe.

Kuna mizaha isiyoingizwa chumbani kabisa. Hayataniwi maradhi yenye siri, kama VVU au kifua kikuu, wala mimba iliyoharibika, wala deni la matibabu. Utani wa kifo na urithi ni wa mtani peke yake, na hata yeye huuacha mlangoni akiona hali si nzuri. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo asichekeshwe bila kupewa mto wa kuubana kwenye kidonda, na mwenye pumu achekeshwe kwa kiasi. Na ipo hali ambayo michezo yote husimama papo hapo: mgonjwa akishindwa kunywa, akitapika kila anachomeza, akipata degedege, akipumua kwa shida, akitoka damu, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka. Huyo hapelekewi kitendawili. Anapelekwa kituo cha afya au Hospitali ya Amana, usiku huohuo.

Kwa aliye katika hali ya kawaida, ziara nzuri ni ya robo saa, yenye kisa kimoja, machungwa mawili na kuaga kabla hajaanza kupiga miayo. Hatari ya mwisho huletwa na nafuu yenyewe. Mgonjwa wa malaria huchangamka mapema, mara nyingi kufikia siku ya pili, akajibu utani, akashinda karata, akadai kutoka nje, na wengi huliacha jani la vidonge chini ya mto wakidhani kazi imekwisha. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kila mara, kwa siku tatu. Aliyekwishatoka barazani kucheza drafti siku ya pili jioni bado ana vidonge vinane vya kumeza kesho yake.